Kona Iliyopungua

Jumatatu hiyo Mwalimu Sekela aliingia Kidato cha Tatu na chaki mkononi na hasira kifuani. Wanafunzi arobaini wakasimama, wakamwamkia, wakakaa, halafu macho yao yakarudi palepale yalipokuwa kabla hajaingia: juu ya kichwa chake, kwenye ubao wa bei.

Ubao huo ulitundikwa juu ya ubao wa chaki mwaka ule alama zilipofutwa, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Mada zilipita juu yake moja baada ya nyingine, kila moja na bei yake. Uwiano, nusu punje. Pembetatu, punje moja. Hizo zilijulikana na kila mtu, na kinachojulikana na kila mtu hakina soko. Kisha ikaja ile iliyowafanya watoto wamsahau mwalimu wao aliyesimama mbele yao. Kukamilisha mraba: punje sitini na nne. Wanaojua katika kata nzima: mmoja.

"Mmoja," alisema Mwalimu Sekela. "Wiki tatu nimekausha koo hapa, nimepata mmoja. Na huyo mmoja yumo humu ndani."

Hakuna aliyegeuza shingo, maana wote walimjua. Kwenye dawati la tatu, upande wa dirishani, Atuganile aliteremsha mkono wake taratibu juu ya daftari, kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue.

Mwalimu akauona mkono huo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, thelathini na miwili kati yake akiwa amekula vumbi la chaki, na kama kulikuwa na kitu kimoja alichojivunia duniani kilikuwa ni desturi aliyoianzisha mwenyewe akiwa mwalimu kijana. Aliiita kuamshana. Aliyeelewa kwanza hakuruhusiwa kutoka darasani mpaka amwamshe mwenzake mmoja, na aliyeamshwa naye akamwamshe mmoja, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Watoto hawa aliwafundisha hivyo tangu Kidato cha Kwanza, ingawa siku hizi walikuwa wakimsikiliza kwa adabu tu na kumalizia hapo.

"Atuganile."

"Abee Mwalimu."

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Umewahi kuusikia msemo huo, au huo nao una bei?"

Darasa likacheka. Atuganile hakucheka. Aliinamisha kichwa, na mkono ukabaki juu ya daftari. Jirani yake, Subilaga, binti mrefu mwenye kikohozi kisichoisha msimu wa mvua, alicheka kidogo kisha akaacha. Subilaga alikuwa na sababu zake za kutocheka sana. Alikuwa mmoja wa wanafunzi kumi na wawili ambao hawakuwa wamevuna hata mada moja mpya muhula mzima, na Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Asiyevuna mada mpya muhula mzima alinyang'anywa kiti.

*

Asikudanganye mtu kwamba zamani kulikuwa na heri. Wakati wa alama, mtoto aliyeshika mkia alitajwa jina mbele ya gwaride lote, akaenda nalo nyumbani, akazeeka nalo. Wakala wa Mavuno ulipozifuta, watu wa milima hii ya Rungwe walishangilia. Na zaidi walishangilia walipoona mababa waliokuwa wamewatoa mabinti zao shuleni wakachume chai, wakiwarudisha wenyewe, tena wamewanunulia na masweta. Mtoto aliyekaa darasani sasa alileta kitu nyumbani. Punje zilipokelewa dukani, kwenye mashine ya kusaga na hospitalini.

Hazikutolewa ovyo. Kila dawati lilikuwa na kibao cha kioo. Ukijibu swali, kibao kilikuuliza kwa nini. Ukieleza kwa nini, kilipindua swali miguu juu kichwa chini na kukuuliza upya, na wakati wote huo kidole gumba chako kilikuwa juu ya kioo, kikisikilizwa mapigo ya damu kama unaelewa au unakariri. Kasuku hawakuvuna. Aliyeelewa alivuna bei yote ya mada hiyo, na akaendelea kuivuna kila Ijumaa mradi bado anaielewa.

Lakini bei haikusimama mahali pamoja. Kila idadi ya wanaoijua mada ilipoongezeka maradufu, bei ilikatika nusu. Waliobuni walisema hiyo itawasukuma watoto kutafuta mapya badala ya kulala juu ya ya zamani. Waliongeza kwamba punje haitahama mkono: aliyeivuna ndiye atakayeitumia, kwa ajili yake na familia yake tu, hawezi kumpa mwingine wala kunyang'anywa na mjomba mlevi. Yote mawili yalikuwa na busara ndani yake. Ndiyo maana hakuna aliyeona, mpaka ilipokuwa imekwisha kutokea, kwamba watoto wameacha kunong'onezana majibu. Mwalimu Sekela alikuwa ameshika fimbo nusu ya maisha yake kuzuia kunong'onezana, na siku minong'ono ilipokoma alitamani kulia.

*

Jioni ya Jumatatu, kabla jua halijaingia nyuma ya mlima, alipanda kwa miguu mpaka nyumbani kwa akina Atuganile. Alikwenda kushtaki. Alikuwa amepanga maneno njiani: mama, binti yako ana akili, lakini uchoyo utamharibia akili hiyo.

Mlangoni alipokewa na mwanamke aliyevimba miguu na uso, rangi yake imepauka kijivu. Ilimchukua muda kumtambua.

"Bupe? Ni wewe?"

"Shikamoo Mwalimu. Karibu ndani. Ndaga, asante kwa kuja." Mwanamke alicheka kwa shida. "Usiniangalie hivyo, ni figo hizi. Umenisahau? Mwaka ule ulinipa F ya hesabu, nikaenda zangu kujifunza cherehani."

Mwalimu Sekela aliketi, na maneno aliyoyapanga yakamkauka mdomoni. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa. Bupe alieleza bila kuombwa, kama wafanyavyo wagonjwa waliokaa sana peke yao. Damu yake ilisafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumatano. Mara moja ni punje thelathini. Ukilipa kwa shilingi ni mara tatu ya hiyo, kwa kuwa kituo kilipendelea punje.

"Mtoto ndiye anayenilipia," alisema. "Mimi nilishika mkia, Mwalimu, lakini nimezaa kichwa. Sijui hata anajua nini huko shuleni. Najua tu kwamba mashine inakubali."

Sitini kwa wiki. Mwalimu Sekela hakuhitaji kibao kumsaidia kupiga hesabu hiyo. Aliyaona tena macho ya Atuganile yakitazama chini, akasikia darasa likicheka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Ili asimtazame mwenyeji wake usoni alitazama kitanda, na hapo juu ya kitanda akaliona tandiko.

Lilikuwa tandiko la viraka ambalo halijamalizika. Katikati palikuwa na mraba mkubwa wa kitenge cha bluu. Ubavuni mwake ulishonewa ukanda mwekundu, na chini yake ukanda mwekundu mwingine wa upana ule ule. Basi pembeni, pale kanda mbili zilipotaka kukutana, pakawa pamebaki uwazi, kakona kadogo kanakoomba kiraka.

"Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kushona," Bupe alisema. "Kila siku Atu ananiuliza, mama, kona inataka kiraka cha ukubwa gani? Namwambia, we mtoto, upana wa ukanda ndio upana wa kiraka, hilo nalo swali?"

Mwalimu Sekela alisimama. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akiandika kanuni ile ubaoni: chukua kipengele cha kati, kigawe kwa mbili, kizidishe kwa chenyewe, jumlisha pande zote mbili. Watoto waliinakili na kuisahau. Sasa ilikuwa imelala mbele yake kitandani, nyekundu na bluu. Kugawa kwa mbili ni kwa sababu kanda ni mbili. Kuzidisha kwa chenyewe ni kwa sababu kiraka cha kona kina pande sawa. Ukanda ukiwa na upana wa tatu, kiraka ni tatu kwa tatu, yaani tisa. Mtoto wa darasa la tano angeielewa.

Alipogeuka, Atuganile alikuwa mlangoni na ndizi begani. Alitazama mahali mwalimu wake alipokuwa akitazama, na mkungu ukamteleza ukaanguka.

*

Atuganile alimsindikiza Mwalimu kuelekea njia panda. Wakayapita mashamba ya chai.

"Mwalimu," Atuganile akaanza. "Naomba usifundishe."

Katika maisha yake Mwalimu Sekela aliombwa mambo mengi na wanafunzi: ruhusa, msamaha, kuongezewa alama siku zile za alama. Hili hakuwahi kuombwa.

"Mwanangu, unajua unachoniomba?"

"Najua. Kesho ukichora lile tandiko ubaoni wataelewa wote. Ijumaa itakuwa punje mbili. Mama atakwenda mara moja, kwa akiba iliyobaki, halafu basi." Hakulia. Aliisema kama mtu aliyeipigia hesabu hiyo mara nyingi. "Nilikuwa na mada nne, Mwalimu. Tatu zimeshuka bei. Nimebaki na hii."

"Na wale kumi na wawili? Na Subilaga? Mmekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza."

Hapo ndipo binti alipolia. Alilia amesimama, mikono imening'inia, bila kujifuta.

Mwalimu Sekela alikaa kwenye jiwe la njia panda akafikiri kadiri alivyoweza kufikiri. Akifundisha, atakuwa ameshika mkono wa mwanamke mgonjwa na kumtoa kwenye mashine. Akinyamaza, watoto kumi na wawili watarudi kwenye chai, na yeye atakuwa mwalimu anayeficha somo. Alitafuta njia ya tatu, maana binadamu akibanwa kati ya mbili hupenda kuamini kwamba ipo ya tatu.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Darasani sitafundisha. Lakini mwamshe Subilaga. Yeye peke yake. Mkiwa wawili, bei itakuwa thelathini na mbili. Hiyo inatosha Jumamosi. Jumatano nitalipa mimi kwa mshahara wangu. Mara moja kwa wiki naiweza. Mbili siziwezi, lakini moja naiweza."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu, binti yangu."

"Na wengine kumi na mmoja?"

Mwalimu Sekela aliinuka jiweni, akakung'uta vumbi la gauni. Atuganile akajifuta uso kwa kiganja.

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Jumanne saa ya mapumziko Mwalimu Sekela aliwaona kupitia dirisha la ofisi. Walikuwa wamechuchumaa nyuma ya jiko la shule, na kati yao, juu ya simenti, vipande vya kitenge. Atuganile aliweka mraba, akaweka kanda mbili, kisha akanyoosha kidole kwenye kona na kunyamaza. Subilaga aliinamia, akakohoa, akakuna kichwa. Ghafla akajipiga kofi la paji la uso na kucheka kwa sauti, na Atuganile akamziba mdomo huku naye akicheka. Mwalimu alikuwa hajauona mchezo huo kwa miaka sita. Alifurahi sana, akasahau kuogopa.

*

Ijumaa ya mavuno kila darasa hukaa kimya saa nzima, vidole gumba viooni, na vibao huuliza kwa sauti ndogo ndani ya visikilizio. Mwalimu hana kazi. Mwalimu Sekela alisimama nyuma akitazama migongo arobaini, akijiambia kwamba kumi na mmoja kati ya hiyo anaiona kwa mara ya mwisho.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Lugano, mvulana wa dawati la nyuma ambaye hakuwahi kuvuna tangu alipozaliwa, kama alivyopenda kusema mwenyewe. "Kimekubali! Jamani, kimekubali!" Kabla hajakemewa, Tumpe naye akasimama. Kisha mwingine pale mlangoni. Kisha wawili kwa pamoja. Watoto wakavua visikilizio, wakarukiana shingoni. Binti mmoja alipiga vigelegele kama yuko harusini, na mwingine aliketi chini ya dawati akalia kwa furaha, maana baba yake alishamtafutia kikapu cha chai.

Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wawili aliyepoteza kiti.

Katikati ya kelele hizo Atuganile alikaa ameinua uso. Mwalimu Sekela hakutaka kutazama alikotazama, lakini alitazama. Kukamilisha mraba: punje mbili. Wanaojua: thelathini na wawili.

Alimkuta Subilaga nje, akakamata bega lake kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Ulimwambia nani?"

"Lugano tu, Mwalimu." Uso wa Subilaga ulikuwa bado unang'aa. "Mmoja tu, haki ya Mungu."

Akamwita Lugano. Lugano alimwambia Tumpe tu. Tumpe alimwambia binamu yake tu. Ilikwenda hivyo, mtoto kwa mtoto, kwenye mapumziko na kwenye njia ya kisima na jikoni kwao ndizi zikipikwa, thelathini na mmoja walioamshwa, na hakuna kati yao aliyemwambia zaidi ya mmoja.

"Atu aliniambia nisiseme," Subilaga alisema, sasa akianza kuona uso wa mwalimu wake. "Lakini aliponiamsha, nikasema, haiwezekani niamshwe halafu nilale nayo. Wewe mwenyewe ulitufundisha, Mwalimu. Tangu Kidato cha Kwanza. Nilikosea?"

Mwalimu Sekela aliliachia bega lile. Watoto walimzunguka wakisubiri asifie, kwa kuwa walikuwa wamefanya alichowaomba kwa miaka mitatu bila mafanikio. Wamekitenda chote, vizuri kabisa, kwa wiki moja.

"Hapana," alisema. "Hamkukosea."

*

Akiba ya Atuganile ililipa Jumamosi moja. Baada ya hapo Mwalimu Sekela alilipa mara mbili kwa wiki. Wiki ya kwanza aliuza redio na meza, wiki ya pili alikopa, wiki ya tatu aliuza ng'ombe wake wa maziwa, fedha zikafika mpaka wiki ya tano, na watu wakasema Mwalimu amelogwa. Wazazi wa darasa lile walipojua, walikuja na walichonacho, maana watu wa huku hawamwachi mgonjwa peke yake. Lakini walichonacho kilikuwa punje za watoto wao, na punje haihami. Alikuja mzee mmoja na mwanawe, akasimama mbele ya mhudumu wa kituo, akamwekea mtoto kidole kwenye kioo na kusema, mkate huyu, mlipieni yule mama. Kioo kiliandika kwa heshima kwamba mgonjwa si wa familia ya mvunaji. Yule mzee alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Atuganile alikuwa akitafuta mada mpya. Alisoma akichuma, alisoma akipika. Lakini mada ngumu haikomai kwa kuharakishwa, na mapigo ya damu ya mtu mwenye hofu kibao kiliyasoma kama ya mtu anayekariri. Mara tatu alijibu sawasawa na mara tatu kilimkataa.

Wiki ya sita Bupe alikataa kupanda gari.

"Nimesikia habari za ng'ombe," alimwambia Mwalimu Sekela, aliyekuja kumchukua. Alikuwa amelala juu ya tandiko lile, uso umejaa maji mpaka macho yamekuwa mistari. "Utauza nini tena? Bati?"

"Nitauza bati."

"Kaa hapa, Mwalimu. Kaa, tafadhali. Atu yuko kisimani?"

"Yuko kisimani."

"Basi niambie. Ile F uliyonipa. Nilistahili?"

Mwalimu Sekela aliushika mkono uliovimba. Angeweza kudanganya, na kwa mgonjwa uongo mdogo ni dawa. Lakini hakuwa akidanganya safari hii. "Hukustahili. Hesabu ulikuwa unaijua. Mimi ndiye niliyekuuliza vibaya."

Bupe alitikisa kichwa kidogo, ameridhika, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekisamehe zamani. "Nilidhani hivyo," alisema.

Alifariki Jumapili mchana, mvua ikinyesha. Darasa zima lilikuja msibani. Wavulana walichimba kaburi, mabinti walipika, na Subilaga alikaa siku tatu mlangoni bila kuthubutu kuingia chumba alimokaa rafiki yake. Siku ya tatu Atuganile alitoka mwenyewe, akakaa karibu naye kwenye kizingiti. Subilaga alilia mpaka kikohozi kikamkaba, na Atuganile akampiga mgongoni mpaka kikatulia.

*

Atuganile alirudi shuleni mwezi uliofuata. Mwalimu Sekela alikuwa amejiandaa kwa chuki. Aliitamani hata, kwani chuki ingemgawia mtu mwingine mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi, imo kwenye mfuko wa gauni, tarehe tu ndiyo haijajazwa.

Ubao wa bei ulikuwa na mada mpya juu kabisa. Mizizi ya milinganyo: punje sitini na nne. Wanaojua: hakuna. Macho ya wote arobaini yalikuwa huko, ila mawili.

"Atuganile," Mwalimu alisema. "Karibu tena, mwanangu. Kaa. Leo huna haja ya kufanya kitu."

Atuganile hakukaa. Alipita kati ya madawati, akafika mbele, akanyoosha kiganja. Ilimchukua Mwalimu Sekela muda kuelewa kwamba anaombwa chaki.

"Hii ya juu ninaijua," binti aliliambia darasa. "Niliipata kule nyumbani, wakati wa matanga. Mama akiwa bado yupo niliitafuta sikuiona. Alipoondoka ikaja yenyewe." Alisema taratibu, bila uchungu uliosikika, na hilo lilimuumiza Mwalimu kuliko kilio. "Tokeni huko nyuma mje karibu. Subi, wewe na kikohozi chako kaa hapa mbele, usije ukasema hukusikia."

"Atu," Mwalimu Sekela alinong'ona. "Ngoja Ijumaa ipite. Vuna kwanza wewe. Sitini na nne, mwanangu. Itakusaidia."

"Inisaidie kumnunulia nani, Mwalimu?"

Aliuliza kwa heshima, kama mwanafunzi aulizavyo asichokijua. Mwalimu Sekela akaona kiti cha dawati la tatu, upande wa dirishani, kiko wazi. Akaenda akakikalia.

Atuganile alichora mraba. Akachora kanda mbili na kiraka cha kona, polepole, akapaka kila kimoja chaki ya rangi yake. Kisha akaanza pale ambapo mama yake alikuwa ameachia kushona. Aliandika herufi kubwa ili hata wa nyuma waone, na kila alipomaliza mstari aligeuka na kuuliza nani bado, na aliyekuwa bado akanyoosha mkono bila aibu, naye akarudia. Darasa lilisikiliza kwa ukimya ambao Mwalimu Sekela alikuwa hajausikia tangu alama zilipokuwa alama.

Kipindi kilipoisha alifuta mikono kwenye sketi na kurudisha chaki. Wote arobaini walikuwa wameelewa.